Barabara Asiyoikanyaga Khimuli

Mji wa Burasdhar umekaa mgongoni mwa mlima, na una barabara mbili tu za kutajika. Ya Juu ndiyo yenye kanisa la mawe, maktaba, kibanda cha bendi na Jumba la Dansi, vyote alivyovijenga Mwingereza wakati ule alipodhani atakaa milele. Ya Chini ina wauza mboga, mafundi cherehani, nyumbu na matope. Khimuli alizaliwa Barabara ya Chini, akaolewa hapo hapo, akafiwa na mume hapo hapo, na mpaka nywele zikamwisha weusi hakuna aliyewahi kumwona akiikanyaga ile ya Juu. Watu wanatoka Delhi kwa mabasi, wanatapika njia nzima kwa zile kona, ili tu waje wapige picha kanisani. Yeye alikaa chini ya kanisa hilo umri wake wote na hakujua mlango wake uko upande gani.

Aliyajua majengo yale kwa chini, kama mtoto anayetambaa anavyowajua watu wazima kwa miguu yao. Kanisa kwake lilikuwa ukuta wenye kuvu na kengele ya Jumapili. Maktaba ilikuwa bomba linalovuja. Jumba la Dansi lilikuwa madirisha, marefu, juu kabisa, na siku za ukungu mlima ulipotea na madirisha yakabaki yanaelea peke yake. Asubuhi kama hizo Khimuli aliketi mlangoni na chai yake ya tangawizi, akayatazama mpaka chai ikapoa, asijue kama ameshaamka au bado.

Maana ndotoni nako aliyaona. Ndotoni alitembea Barabara ya Juu, nayo ilikuwa pana, laini, ina joto la mawe yaliyoshinda juani. Watu walimpisha. Muziki ulitoka mahali fulani mbele. Alitembea na kutembea, na Jumba likazidi kuwa kubwa bila kukaribia, mpaka madirisha yake yakajaa mbingu yote. Akiamka alikuta nyayo zinawaka, akaziweka kwenye sakafu ya baridi ili zirudi nyumbani.

Sababu ya hayo yote mtaa mzima uliijua, au ulidhani unaijua. Baba yake, Dungar Singh, alikuwa mchukuzi wa machela enzi za Mwingereza. Yeye na wenzake waliwabeba mabibi wa Kizungu mabegani mpaka mlangoni mwa Jumba, wakati wa dansi, na mchukuzi aliruhusiwa Barabara ya Juu akiwa na machela begani tu. Akishaishusha, ateremke kwa njia ya mbuzi akangoje chini, inyeshe isinyeshe. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mabibi wale, nadhani, hawakujua hata kama wana uzito. Jioni moja Dungar alikutwa pale juu bila machela, akachapwa fimbo. Kesho yake alikwenda hekaluni kwa Golu, mungu ambaye watu wa milima ile humpelekea kesi zao kama hakimu na kumtundikia kengele akishawaamulia. Akashika mchele mkononi, akaapa kwamba yeye na damu yake hawataikanyaga barabara ile.

Mwingereza akaondoka. Watu wakapanda juu kwa ngoma na bendera, wakacheza mpaka kwenye ngazi za kanisa. Dungar hakupanda. Akafa hajapanda, na kaka zake Khimuli nao wakafa hawajapanda. Akabaki yeye, na neno lililotoka mbele ya Golu halirudishwi mdomoni.

Mjukuu wake Champa, binti wa mwanawe Madho, hakufungwa na kiapo, kwa sababu ukoo kule hufuata baba, na Madho ni wa ukoo wa mumewe Khimuli. Na kama vile kumkomoa bibi yake, binti yule akachagua kazi ya kutembeza wageni Barabara ya Juu. Kutwa alikuwa na mwavuli wake mwekundu, hapa kibanda cha bendi, hapa kaburi la kanali, hapa kiti alichokalia gavana akaugua tumbo. Jioni alirudi sauti imemkauka, Khimuli akampa mkate wa ulezi na siagi, kisha akamtaka aanze upya, mara hii kwa ajili yake. Champa alimsimulia sakafu ya Jumba inayoteleza, taa za vioo, na mabibi waliocheza mpaka viatu vikatoboka. Nusu ilikuwa uongo wa kazini, na wote wawili walijua. Khimuli alifumba macho akatembea humo.

Ndipo Champa akaposwa na Bhuwan, kijana mpole, fundi wa vipaza sauti, ambaye maneno yake mwenyewe hayasikiki hata ukiwa umekaa naye. Mji, ambao siku hizi ndio mwenye Jumba, ukampa Champa ukumbi kwa siku ya harusi, kwa heshima ya wageni wote aliowaleta. Binti alishuka mbio, shali inamwanguka.

"Ama," akasema, maana ndivyo wajukuu wa kule wanavyowaita bibi zao, "naolewa ndani ya Jumba. Na wewe utakaa mbele kabisa, kwenye mto wa kukalia."

"Huyo atakayekaa hapo si mimi. Mimi nitawapikia chai mkirudi."

"Chai sitaki. Nakutaka wewe."

Khimuli akajaribu utani wao wa siku zote. "Bhuwan akiniona nimejipamba atakuacha wewe pale pale. Nakuonea huruma, mke mwenzangu."

Champa hakucheka. Ndipo Khimuli alipojua kwamba jambo limekuwa zito. Alikuwa na mjukuu mmoja tu duniani, aliyemlea mgongoni tangu mama yake alipofariki, na sasa ilimpasa achague: avunje neno la baba yake, au amwache mtoto huyu aolewe bila ya mkono wa bibi kichwani. Usiku ule hakuota kitu. Alilala macho yako wazi.

Madho na Champa wakampeleka kwa kuhani Lohani, anayehudumu katika hekalu la Golu na ndiye pia atakayefungisha ndoa. Lohani ni mtu mwembamba, mwenye jibu hata kabla ya swali. Alisikiliza kidogo, akacheka. Akasema mwanamke akishatiwa rangi nyekundu kwenye njia ya nywele zake ametoka ukoo wa baba, ameingia wa mume. Kiapo kile kilimwacha Khimuli siku ya harusi yake. Miaka yote hii amejifunga mwenyewe, bure, kamba isiyo na mwenyewe. Madho akashusha pumzi. Champa akamkumbatia bibi yake.

Khimuli akamtoa taratibu. "Hilo unaloniambia nalijua tangu sijaota mvi," akamwambia kuhani. "Unataka nipande kwa sababu mimi si mtoto wa Dungar Singh. Basi sipandi."

Akateremka ngazi za hekalu peke yake, chini ya zile kengele maelfu, ukungu ukiwa umeshuka nao unazifuta moja moja.

Champa alimkuta amekaa kwenye ukuta wa mawe, anahema. Alikuwa na hasira na hakuificha. Alimwambia kwamba amemshika marehemu kwa mikono miwili na aliye hai hana pa kushika. Khimuli alivuta ncha ya shali yake, akaikunjakunja, kisha akamwambia ile nusu ambayo mtaa haukuijua, na ambayo hata mumewe hakuijua.

Jioni ile Dungar hakupanda kwa kiburi. Alipanda kwa sababu binti yake mdogo alililia kuziona taa. Alimshika mkono wakaenda mpaka chini ya dirisha, na Khimuli aliona mwanga wa manjano na kivuli cha mtu anazunguka, basi. Mlinzi akafika, na bwana mmoja akatoka mlangoni na sigara yake akauliza huyu ni nani.

"Baba akasema, Dungar Singh. Wakampiga. Wakamwuliza tena, wewe nani? Dungar Singh. Wakampiga. Mimi nimeng'ang'ania suruali yake, Champa, kila fimbo naisikia inapita mwilini mwake inanifikia. Mpaka aliposema namba. Wachukuzi walikuwa na namba kwenye beji ya shaba. Aliposema namba yake wakaridhika, wakamwacha."

Champa alikuwa ameshakaa chini kwenye majani yenye maji.

"Na hakuapa milele. Watu wanasema milele, nami nawaacha waseme. Aliapa hivi: hatukanyagi mpaka niitwe kwa jina langu ndani ya jumba lile. Sasa wa kumwita wameshapanda meli zamani. Nimwite mimi? Wewe, mtu hujiita mwenyewe?"

Champa alimwinua bibi yake, wakarudi nyumbani wameshikana mikono kwa ajili ya utelezi. Tangu siku hiyo hakuligusa tena jambo lile. Alikwenda kwa Lohani kupanga harusi, akarudi; akakaa na Bhuwan wakipanga nyaya zao; akamletea bibi yake sharubati ya maua mekundu ya mlimani, akamsifia mkate. Khimuli akadhani amekata tamaa, na hilo likamuuma kuliko kelele.

Siku ya harusi ukungu ulikuja tangu asubuhi ukakataa kuondoka. Khimuli alimpaka mjukuu wake manjano, akamvisha pete ya pua kubwa kama bangili, akamfunika kwa pichora, ile shali ya manjano yenye madoa mekundu ambayo wanawake wa kule huvaa siku za heri. Akaweka mkono kichwani pake hapo hapo jikoni, akamwombea, kwa kuwa juu hatakuwepo. Champa alilia rangi ikamtoka, ikabidi apakwe tena. Kisha watu wote wakapanda, ngoma mbele, na sauti zikamezwa na weupe.

Nyumba ikawa kimya. Khimuli alibandika chai, akaiepua, akaibandika tena. Mwishowe akatoa pichora yake mwenyewe sandukuni, akajifunika, akatoka. Hakuwa anakwenda popote. Alisimama Barabara ya Chini, chini ya Jumba hasa, kando ya mama muuza figili, akatazama juu. Madirisha yalikuwa yanaelea, yamewashwa taa mchana kwa sababu ya giza la ukungu. Vivuli vilipita. Kwa kitambo hakujua ana umri gani.

Bhuwan, Mungu ambariki, alikuwa ametundika vipaza sauti kwenye kila dirisha, kwani harusi isiyosikika mpaka bonde la pili huko haihesabiwi kuwa harusi. Kwa hiyo Khimuli alisikia kila kitu. Alisikia moto, ule ambao maharusi huuzunguka ili ndoa ifungwe, ukitiwa samli. Alimsikia Lohani akikohoa, akiimba, akidai maji. Kisha kuhani akafika mahali pa kutaja koo, pale ambapo bwana na bibi harusi hutajiwa baba, babu na baba wa babu, mara tatu, ili walio hai na waliokufa wajue nani anamwoa nani. Akataja wa Bhuwan. Akageukia wa Champa: binti wa Madho Singh, mjukuu wa Jodh Singh, kitukuu wa Kalyan Singh. Khimuli aliyasikia majina ya mumewe na ya baba mkwe wake yakipita hewani, akatabasamu kidogo. Walikuwa watu wema.

Halafu vipaza sauti vikachukua mnong'ono ambao haukukusudiwa kwenda mbali.

"Endelea," ilisema sauti ya Champa. "Kuna mwingine."

"Hayumo kwenye utaratibu," akasema Lohani. "Baba wa bibi mzaa baba hatajwi. Na bibi harusi hasemi."

"Tulikubaliana."

"Nilisema nitafikiria."

"Basi fikiria. Mimi sizunguki moto mpaka umtaje. Nimekaa, sina haraka."

Watu ndani wakacheka. Ikasikika sauti nyingine, ndogo, ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia, ikisema kwamba na yeye pia amekaa, hana haraka. Alikuwa Bhuwan. Lohani akakohoa kwa muda mrefu.

"Kitukuu," akasema, "wa Dungar Singh, mchukuzi wa machela, wa Burasdhar."

Mara ya kwanza Khimuli alifikiri ni zile ndoto zake zimemfuata mchana. Lakini desturi inataka mara tatu, na Lohani, akishaanza, si mtu wa kupunja. Mara ya pili mama muuza figili aliinua kichwa, akamwuliza kama huyo si marehemu baba yake. Mara ya tatu jina lilitoka kwenye madirisha yote kwa pamoja, likagonga ukuta wa kanisa, likarudi.

"Naam," akaitika Khimuli, kwa nguvu, kama mwanamume anavyoitika akiitwa.

Akapanda kwa njia ya mbuzi, akishika mizizi ya mierezi, muuza figili akimsukuma kwa nyuma na kumlaumu kwa magoti yake mabovu. Ukungu ukafunguka kidogo, akaweka mguu, kisha wa pili. Barabara ya Juu ilikuwa ya baridi, ina mashimo, na wembamba wake hata magari mawili yasingepishana. Jumba nalo lilikuwa pale pale karibu, jengo la kawaida la bati lenye madirisha marefu. Khimuli alisimama katikati ya njia akalia kwa sauti, akimlilia mtu aliyechapwa kwa ajili ya kitu kidogo namna ile. Kisha akajifuta kwa ncha ya pichora na kuingia, maana walikuwa wamekaa wanamngoja.