Siku ya Kumvaa Bibi

Kila ukoo na wazimu wake. Wapo wanaowakumbuka wafu wao kwa picha ukutani, na wapo wanaowakumbuka kwa kugombania nani alipendwa zaidi. Ukoo wa dobi ulimkumbuka Bibi kwa kumvaa.

Ndiyo, kumvaa. Kila mwaka, ikifika siku aliyofariki, mmoja wao alitia mwilini lile sweta lake la kahawia lenye viraka kwenye viwiko, akaketi kwenye kiti chake kando ya meza ya kupigia pasi, na tangu chakula cha mchana mpaka jua kuzama akawa ndiye Bibi. Alifoka kama Bibi na kukohoa kama Bibi. Alikagua kola za watu wazima wenye ndevu zao na kuwaambia wanatembea kama vitanda visivyotandikwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha, kicheko kikipungua, kila mmoja aligeukia ukutani akapenga kamasi na kusingizia moshi wa mkaa.

Kazi hiyo siku zote ilikuwa ya Shangazi. Yeye ndiye binti pekee wa Bibi, ndiye aliyerithi duka la udobi, na ndiye aliyemwuguza mama yake mpaka pumzi ya mwisho. Akilivaa lile sweta, hata paka wa jirani alitoka jikoni mwenyewe bila kufukuzwa.

Mwaka huu Shangazi akagoma.

"Nimechoka kuwa mama yangu," alisema, huku akinyunyizia maji shati la mteja. "Mwaka mzima nafua kama yeye, napiga pasi kama yeye, na mgongo unaniuma palepale ulipomuuma yeye. Halafu siku yenyewe ya kupumzika niwe yeye tena? Aa-aa. Sweta litafuliwa, litakunjwa, apewe mwenye baridi. Mambo yaishe."

Hakuna aliyethubutu kumbishia, maana wote walijua mwaka ulivyomwendea. Hoteli iliyokuwa ikimletea mashuka tangu enzi za Bibi ilikuwa imenunua mashine zake yenyewe. Wafuaji wawili aliokuwa nao wakaaga, mmoja baada ya mwingine, kwa aibu, kama watu wanaotoka msibani mapema. Zile kamba za uani, zilizozoea kujaa mashuka meupe mpaka mtu apotee katikati yake, sasa zilianika mashati ya majirani na soksi zisizo na wenzake.

Mama Kifurushi alikuwa pale uani siku hiyo, mwanawe mgongoni na vibanio mdomoni. Alikuwa ameolewa na mjukuu wa Bibi, yule Kinyozi, na mtoto wao alipewa jina hilo la utani kwa sababu tangu azaliwe alikuwa akifungwafungwa kama mzigo wa posta. Mama Kifurushi hakuwahi kumwona Bibi hata siku moja. Alipoolewa, Bibi alishakuwa sweta.

Akatoa vibanio mdomoni. "Mimi nitalivaa," akasema.

Hata yeye alishtuka. Mdomo ulikuwa umemponza kichwa.

Shangazi akaweka pasi chini. "Wewe? Utamwigaje mtu usiyemjua?"

"Mtanifundisha."

Alikuwa na sababu yake, ila hakuisema. Mama Kifurushi alilelewa milangoni mwa watu: wiki kwa huyu, mwezi kwa yule. Hakujua hata sura ya bibi yake mwenyewe, wala alichowahi kusema, wala alichokuwa akikichukia. Sasa amepata mtoto, na mtoto huyo ana bibi wa baba yake anayefoka kila mwaka mbele ya watu. Yeye aliona hiyo ni mali. Amwache Kifurushi akue bila bibi, hata kama ni bibi wa sufu tu? Thubutu!

Shangazi alimtazama juu mpaka chini. "Haya. Ukinifanya nimwone mama yangu, hata kwa kufumba na kufumbua, sweta linabaki. Ukishindwa, kesho yake linaondoka. Tusilaumiane."

"Hatutalaumiana, Shangazi."

Basi mafunzo yakaanza, na tabu zikaanza nayo, kwa sababu kila aliyeulizwa alikuwa na Bibi wake.

"Bibi alikuwa simba," alisema Kinyozi, akimnyoa mteja. "Akipiga kelele, mkaa unawaka wenyewe."

"Simba wapi!" alisema Baba Mdogo, fundi bomba, ambaye ni kaka yake Shangazi na ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulichezea. "Mama hakupiga kelele. Alikuwa anashusha sauti. Akishaanza kunong'ona, tafuta mlango."

"Alipenda sukari."

"Alichukia sukari! Alikuwa anaificha tu ili wewe usiimalize."

Mama Kifurushi alichukua vyote: simba, minong'ono, sukari iliyofichwa. Alijifunza kukohoa mara mbili kabla ya kuuliza swali. Alijifunza kupitisha kidole gumba kwenye kola na kukitazama kama mtu aliyeokota kitu kibaya. Mazoezi alimfanyia Kifurushi. "Nani amekufunga nepi hii? Imefungwa au imetupiwa tu?" Kifurushi alicheka na kumtemea maziwa. Mama yake akaona hiyo ni dalili njema, maana mwenye imani huokota dalili popote.

Siku ikafika. Walikula maharage na mkate, vyombo vikaondolewa, Baba Mdogo akaleta sweta mikononi kama anayebeba mtoto mchanga. Lilimpwaya Mama Kifurushi mabegani na kumbana kifuani, lakini aliketi, akakohoa mara mbili, akauliza kwa sauti ya chini:

"Huyu naye nani amemruhusu kuingia na kichwa hicho?"

Alikuwa anamwangalia mume wake. Chumba kikalipuka kwa kicheko.

"Bibi, mimi ndiye kinyozi," alisema Kinyozi.

"Wewe ni kinyozi? Basi dobi na aende uchi!"

Baba Mdogo alipiga meza. Akaitwa yeye. Kidole gumba kikapita kwenye kola yake, kikatazamwa, kikapanguswa taratibu kwenye shati lake hilohilo. "Bomba za watu unaziba," alinong'ona Bibi, "jasho lako linakushinda?" Baba Mdogo aliinama kwa kucheka mpaka akakosa pumzi. Watoto waliitwa wakakaguliwa masikio. Hata Kifurushi, aliyekuwa mikononi mwa baba yake, aliambiwa akae wima kama mtu mwenye kazi.

Ni Shangazi tu ambaye hakucheka. Alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani, akitabasamu kwa adabu kama anavyotabasamu mtu anapoonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Na Mama Kifurushi aliona. Aliongeza kikohozi, akaongeza ukali, akasema hata maneno ya simba. Baba Mdogo alicheka zaidi, Shangazi alitabasamu zaidi. Jua lilishaanza kushuka kwenye kamba za uani.

Ndipo Shangazi alipomletea chai, kama ilivyokuwa desturi. Kikombe juu ya sahani, kijiko pembeni. Na Mama Kifurushi, koo limemkauka kwa kufoka, akili imeenda mbali akitafuta la kufanya, alipokea kwa mikono miwili akasema:

"Asante, mwanangu. Pole na kazi."

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Toba!" alisema Baba Mdogo. "Umemwua mara ya pili!"

"Nimefanya nini?"

"Mama hakusema asante maisha yake yote! Akipewa maji anasema glasi ina vumbi. Akipewa zawadi anauliza risiti iko wapi. Daktari alimng'oa jino lililomtesa, akamwambia amechelewa!"

Hakuna aliyekuwa amemwonya, kwa kuwa hakuna aliyeona haja. Nani humwonya mtu kwamba samaki hapandi ngazi? Na kwa Mama Kifurushi neno hilo lilitoka lenyewe. Aliyelelewa milangoni mwa watu, asante ndiyo kodi yake ya nyumba. Huilipa hata usingizini.

Uso ulimwaka moto. Akajua sweta limeshaondoka. Akaanza kufungua vifungo, kimoja, cha pili, bila kumtazama mtu.

"Acha vifungo hivyo," alisema Shangazi.

Alivuta stuli, akaiweka mbele ya kiti, akaketi goti kwa goti na sweta.

"Umesema nini?"

"Nimesema asante."

"Asante ya nini?"

"Ya... chai."

"Ya chai!" Shangazi akatazama dari, kama anayemtafuta shahidi. "Leo ndio unaiona chai? Mimi nimekulisha uji kwa kijiko. Nimekugeuza kitandani kama mkate kwenye tanuri. Nimefua mashuka yako na mashuka ya hoteli kwenye beseni moja..."

Mama Kifurushi alikuwa dobi wa kusaidia tu, lakini hilo lilimgusa hata yeye. "Beseni moja?" aliuliza, kwa sauti ya chini sana. "Na mashuka ya wateja?"

"Si beseni moja!" Shangazi aliruka kwenye stuli. "Ni namna ya kusema tu, Mama! Yako niliyafua peke yake, kwa maji ya moto, haki ya Mungu..." Akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amejitetea kama msichana aliyefumwa akilamba sukari.



"Na yule mchumba wangu?" Shangazi akaendelea, sasa akiwa amepamba moto. "Kijana wa watu amekuja na ndugu zake, ulimwambia nini mbele yao? Ulimwambia kola yake chafu!"

"Ilikuwa safi?"

"Haikuwa..." Shangazi akasita. "Ilikuwa na ki-alama. Kidogo."

Watu waliangua kicheko, na yeye Shangazi akacheka nao bila kutaka. Kisha kicheko chake kikapoteza njia katikati. Akainamisha kichwa.

"Hoteli imeondoka, Mama," alisema. "Sikuweza kuizuia. Umeniachia ua uliojaa mashuka, mimi nimebaki na soksi."

Hapo hapakuwa na mwalimu. Si simba wala minong'ono, hakuna aliyewahi kumfundisha Mama Kifurushi jibu la neno hilo. Aliitazama mikono ya Shangazi iliyolala magotini, yenye makovu madogo ya pasi kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko, mengine ya zamani, moja la juzi.

"Mimi nilikuwa nimelala kitandani muda mrefu," alisema polepole. "Hoteli iliendelea kuleta mashuka. Ilikuwa inayaleta kwa nani?"

Shangazi alilipapasa lile kovu la juzi.

"Nilikuwa naisikia pasi yako kutoka chumbani. Ilikuwa inaenda vizuri. Nilidhani unajua, ndiyo maana sikusema."

Kama maneno hayo yalikuwa ya Bibi au ya mtoto wa milangoni, hata aliyeyasema hakujua. Pengine Bibi angemzaba kofi. Lakini yalikuwa yameshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mabega ya Shangazi yakatikisika, akapapasa pembeni bila kuangalia, akaokota kitambaa cheupe kwenye kapu la nguo zilizonyooshwa, akaanza kujifutia macho na pua.

"Wewe!" alifoka Bibi. "Foronya hiyo ni ya mteja!"

Shangazi aliitazama foronya. Akamtazama mwenye sweta. Kikaanzia chini tumboni, kile kicheko, kikapanda kwa mikwaruzo kama ndoo inayotolewa kisimani, mpaka akalazimika kushika meza ya pasi kwa mikono miwili. Alicheka akilia na akalia akicheka, akamwambia kaka yake asimguse, aende akamguse mwenzake, halafu yeye mwenyewe akamkumbatia shingoni. Kinyozi aligeukia ukutani na Kifurushi mikononi, akisingizia moshi, ijapokuwa mkaa ulishazimika kitambo.

Jua lilipozama, Mama Kifurushi alivua sweta, akalikunja mikono ndani kama anavyokunja dobi, akalishika tu, hajui amkabidhi nani.

Baba Mdogo ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. "Sasa... kesho linafuliwa?"

"Linafuliwa, ndiyo," alisema Shangazi, akilinusa begani. "Linanuka maziwa ya mtoto huyu. Likikauka, lirudi kabatini kwake."

Akaichukua ile foronya, akaitumbukiza kwenye beseni, akaikunjia mikono ya blauzi yake na kuanza kuifikicha upya. Alifua kidogo, akasimama, mapovu yakimdondoka kwenye viwiko.

"Na mwakani alivae huyuhuyu. Mimi mniwekee kiti mbele yake, tena chenye egemeo. Bado sijamalizana na Mama."