Bomba la Wadi ya Wazazi

Maji ya choo yalikuwa yamefika kwenye miguu ya kitanda cha tatu. Fabiano aliyachota kwa beseni, akayamwaga nje kupitia dirishani, akarudi kuchota tena. Wanawake waliojifungua walikuwa wamepandisha vitandani viatu vyao na chupa za chai, pamoja na watoto. Aliyetaka kujisaidia alipita juu ya matofali ambayo Fabiano aliyapanga tangu Jumatatu.

"Mzee, hii maji nakwisha lini?" aliuliza Nerima, binti kutoka kijiji cha Lunyo aliyejifungua kwa upasuaji siku mbili zilizopita. Alitembea ameinama, mkono umeshika tumbo.

"Kesho natengeneza, mama."

Aliamini alichokisema. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa hospitali ile ya upande wa Tororo, na barua za kuomba bomba aliziandika hata akachoka. Lakini sasa kulikuwa na Pacha.

Pacha ni jina alilolitumia Clifford, injinia kijana kutoka upande wa Kenya, kuiita hospitali iliyokuwa ndani ya kompyuta: jengo zima, paa lake, nyaya na mabomba, vimechorwa hivi kwamba ungeweza kuligeuzageuza kwa kidole. Vidude vilivyobandikwa ukutani na kwenye mabomba, vilivyoitwa sensa, vilipeleka habari huko saa zote. Palipo pazima palionekana kijani, palipoharibika pakawa pekundu. Ramani ya jengo ilipotea zamani, kwa hiyo Fabiano ndiye aliyemwonyesha Clifford kila bomba lilikopita. Alijivunia hilo. Alidhani wakubwa wakiuona wekundu kwa macho yao, bomba litapatikana.

Mchana huo aliitwa ofisini kwa Daktari Edgar, mkuu wa hospitali. Clifford alikuwepo, ameinamia kompyuta. Wadi ya wazazi ilikuwa nyekundu.

"Wafadhili wanakuja kesho saa nne," alisema daktari. "Hii nyekundu itoke."

"Itatoka, daktari. Naomba bomba ya inchi nne, mita sita tu, na siku moja."

"Mradi huu ni wa kompyuta na sensa. Bomba haimo."

Fabiano alimtazama Clifford. Kijana hakuinua kichwa.

"Mzee wangu, Pacha inasoma tu pale sensa iko," alisema polepole. "Ukiihamishia kwa bomba lingine, itasoma hilo lingine."

"Na maji?"

Daktari alifunga faili lililokuwa mbele yake. "Fabiano, mkataba wako unakwisha mwezi huu, sivyo? Unajua nani anaweka sahihi."

Alirudi wadini na bisibisi. Wanawake walipomwona ameinama penye bomba walidhani kazi imeanza, na mmoja akamwambia Mungu ambariki. Aliing'oa sensa, akaifutia kwenye suruali, akaenda kuifunga kwenye bomba kavu la choo cha wakubwa. Ofisini Clifford alimsogezea kompyuta. Kulikuwa na sehemu ya kubonyeza: imetengenezwa. Alibonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Wadi ikageuka kijani, na chini yake jina lake likatokea lote, Fabiano Ekwaro, na tarehe.

Siku hiyo hakupita tena upande wa wadi.

Asubuhi alipewa ovaroli mpya yenye jina la hospitali na neno MAJENGO kifuani. Wageni walikaa ofisini wakatazama skrini, wakaingia chumba hadi chumba bila kuinuka kwenye viti. Daktari Edgar alimwita Fabiano mbele. Wakapiga makofi.

"Fundi, hii imekusaidia kazini?" aliuliza mgeni mmoja.

"Imesaidia sana," alisema Fabiano. Clifford alikuwa akiangalia viatu vyake mwenyewe.

Wageni walipoinuka kwenda kunywa chai, Auma, muuguzi wa wadi, alimvuta kando mlangoni. Nerima alikuwa ameteleza chooni saa tatu. Mshono ulifumuka. Amerudishwa chumba cha upasuaji, na damu ya kundi lake hawana.

"Nilimwambia daktari aagize damu," alisema Auma. "Akasema tungoje wageni waondoke."

Fabiano alikwenda wadini, nusu akitembea nusu akikimbia. Kitandani kwa Nerima alisimama mwanamke wa makamo aliyevaa gauni refu la gomesi, mjukuu kifuani. Alikuwa Taaka, mama yake Nerima. Aliitazama ile ovaroli, akasoma alichoweza kusoma.

"Wewe ndio mukubwa wa majengo?"

Taaka alimkumbatia mtoto vizuri, kisha akapiga magoti mbele yake, kama wanawake wa kwao wanavyomwamkia mtu wa heshima, hapo hapo ndani ya maji. Gomesi ikaanza kulowa kuanzia chini.

"Mukubwa, mimi naomba musamaha," alisema, macho ameyainamisha. "Mutoto yangu hakukanyaga matofali vizuri. Naomba musimukasirikie."