Mabawa ya Baba wa Mbu

Oduori alidhani ametenda wema. Mkewe, Mwalimu Mercyline, alikuwa ameacha mezani mkebe wenye wadudu waliokufa, wale wembamba wa miguu mirefu ambao pale kijijini waliitwa baba wa mbu. Msimu wenyewe ulikuwa wa kumbikumbi, na mtu wa kwao Bukhayo akiona mdudu mwenye mabawa ndani ya chombo, mikono humwasha amnyonyoe aende kukaangwa. Akaketi, akawanyonyoa, akayapuliza mabawa nje ya mlango, kisha akangoja kusifiwa.

"Baba Nanjala!" Mercyline alishika kichwa. "Hiyo si chakula! Hayo mabawa ndiyo nilikuwa nataka!"

Mdudu huyo haumi mtu, na si mbu hata kidogo. Mercyline alikuwa akimfuatilia kandokando ya Mto Sio tangu mwaka 1994, na hakuna kitabu chake kilichomtaja. Ukoo wa mdudu kama huyo husomwa kwenye mishipa ya bawa. Sasa mto ulikuwa umefurika, wengine hawangepatikana, na Callistus, mtaalamu wa wadudu kutoka Nairobi, angepita kuwaangalia asubuhi hiyo hiyo akielekea Malaba kuvuka kuingia Uganda. Mercyline alilia waziwazi. Oduori alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bahati nzuri mdudu mmoja alikuwa amenasa kwenye kifuniko cha mkebe, mabawa yake mazima.

Callistus alipofika, alimwangalia kwa lenzi akatabasamu. "Mwalimu, bawa moja lazima litoke, tulilaze kwa kioo. Vile limekunjika sioni mishipa vizuri." Akashika kibanio, akakirudisha mezani. "Malaria ya juzi bado inanitetemesha. Jaribu wewe."

"Mimi nitalirarua," Mercyline alisema. "Kila mara mimi hurarua."

Oduori aliangalia viatu vyake, akijifanya hayupo. Mara akakiona kifuniko chenye mdudu kikisukumwa mbele yake.

"Baba Nanjala," mkewe alisema, "nyonyoa."

Oduori alikitazama kibanio, akakiacha. Alitumia vidole, kama alivyofundishwa na mama yake jikoni. Bawa likatoka bila hata kukwaruzika.

Callistus aliinama juu ya kioo kwa muda mrefu. "Huyu nilidhani ni wa lile kundi la milimani," alisema hatimaye. "Siye. Mshipa huu haupo kwa hao. Mwalimu, huyu simjui, na hawa wote kazi yangu ni kuwajua. Huenda ni mpya kabisa."

Mercyline alicheka huku machozi yakimtoka tena. Akaushika mkono wa mumewe mbele ya mgeni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, na Oduori akajisikia mwepesi kabisa.

"Haya," Mercyline akamwambia, "toa na bawa la pili."