Mlango wa Mwalimu Mkuu

Gazeti la shule la majira ya baridi lilifika nyumbani kwa kina Noëlla likiwa limekunjwa ndani ya begi la mtoto, limelowa maziwa pembeni, na mama yake, Annonciata, akalianika juu ya hita pamoja na soksi. Lilikuwa na habari za kila namna. Glavu zilizookotwa uwanjani. Keki zitakazouzwa ili maktaba ipate viti. Mafua yanayotembea darasa la watoto wadogo. Tamasha la Noeli, Alhamisi ya mwisho kabla ya likizo, wazazi wote wanakaribishwa. Na chini kabisa, ndani ya kisanduku kilichopambwa kwa picha za theluji, palikuwa na habari iliyomfanya mumewe Zéphyrin atafute miwani yake: shule ya muziki ya Jumamosi, kule Woolwich, London, imetoa nafasi nne za bure kwa watoto wa mwaka wa sita. Atakayepata atafundishwa mpaka amalize sekondari, na ala aliyoazimwa atabaki nayo. Wazazi wanaopenda wapite kuongea na Mwalimu Mkuu.

Noëlla alikuwa wa mwaka wa sita, na ala yake ilikuwa tarumbeta. Si yake hasa. Ilikuwa ya manispaa, imeazimwa shuleni kwa muhula mmoja, na baada ya tamasha ilitakiwa irudi. Mtoto huyo alikuwa anaipuliza chooni ili asiwasumbue majirani, mlango umefungwa na taulo limeziba chini, na bado watu wa ghorofa ya juu walikuwa wakishuka kuuliza ni nani huyo, si kwa ugomvi bali kwa kutaka kusikia zaidi. Bwana Solomon, mwalimu wa muziki aliyekuja kila Jumatano, aliwahi kumwambia kwamba kifua kile na midomo ile ni zawadi ya Mungu, ishukuriwe kwa mazoezi. Tangu siku hiyo hakukuwa na kulala mapema nyumba hiyo.

"Wapite kuongea na Mwalimu Mkuu." Hapo ndipo palipowaponza.

Maana kwao Bukavu, Kongo, mzazi anayeonekana mlangoni kwa mkuu wa shule wiki ya kuchagua watoto hahitaji kujieleza. Watu wanamtazama mkoba tu, wapate kujua kama amebeba bahasha au amebeba kuku. Mkono mtupu haulambwi, na wakuu wa shule wa kule walikuwa na ulimi mrefu. Zéphyrin alifundisha hesabu mjini humo, akakataa kumpandishia alama mtoto wa mfanyabiashara mmoja, na shukrani aliyopata ni kuhamishiwa shule ya mlimani ambayo nusu ya paa lake lilikuwa limechukuliwa na upepo. Hakuwahi kujuta. Alikuja nayo London heshima yake hiyo, nzima kabisa, ingawa siku hizi alikuwa analinda ghala la matairi. Na sheria ya nyumba yake ilikuwa moja: mtoto wa watu waungwana huitwa kwa jina lake, haombewi mlangoni.

"Lakini baliandika tupite kumuona," Annonciata alisema.

"Banaandika vile ili bajue nani ataleta anvelope," Zéphyrin akajibu. "Ule mwalimu wa tarumbeta anamusikia mutoto kila Mercredi. Yeye njo atasema jina yake. Sisi tunyamaze."

Noëlla, aliyeelewa Kiswahili chote lakini akajibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa mtaa wao wa Thamesmead, akasema waende tu, si ni kuuliza tu, wazazi wa wenzake wanauliza. Baba yake akamkalisha, akamweleza kwa upole kwamba wanaokwenda kuuliza namna hiyo wanakula haki ya wengine. Mtoto akatazama sakafu. Wakanyamaza wote watatu, wakasubiri jina liitwe. Annonciata alinyamaza kwa kiburi safi, kiburi cha mtu anayejua kwamba hajaiba. Kila jioni, akitoka kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi, aliuliza kama shule imepiga simu.

Haikupiga. Habari aliipata dukani kwa Champa.

Champa alikuwa Mhindi wa Nakuru, mwenye duka la unga, maharage, sombe, yaani kisamvu, ya barafu, na kadi za simu, na mwanawe Keyur alikuwa darasa moja na Noëlla, naye akijifunza tarumbeta kama Noëlla. Walipendana wanawake hao wawili. Champa alimwekea sombe chini ya kaunta ikiwa haba, na Annonciata alimfundisha namna ya kumgeuza mama mkwe wake kitandani bila kumuumiza.

"Mama Noëlla! Umesikia? Keyur amepata ile nafasi ya Saturday!"

"Keyur?" Annonciata aliuweka mfuko wa sombe juu ya kaunta. "Keyur huyu?"

Hakuuliza kwa ubaya. Keyur alikuwa mtoto mzuri, mwenye adabu, ila akipuliza tarumbeta ungedhani mbuzi amekanyagwa mguu, na hata mama yake alikuwa anasema hivyo hivyo.

Annonciata akainama, akanong'ona. "Ulimupelekea nini?"

"Nani?"

"Ule mukubwa wa shule. Sema tu, Mama Keyur. Sitaambia mutu."

Champa alicheka kwanza. Halafu akaona kwamba mwenzake hatanii, na uso ukamkunjika. "Wee! Mimi nipeleke hongo? Nilipeleka mdomo wangu tu! Siku ile ile newsletter ilikuja, saa tisa nikienda kuchukua mtoto, nikagonga kwa Mrs Lowther, Mwalimu Mkuu, nikasema naomba. Akaandika. Basi, imeisha! Wote wanne ni sisi tuliouliza. Kwani wewe hukuenda? Mrs Lowther aliniambia, hao wengine nafikiri hawataki."

Hawataki! Annonciata alitoka dukani bila sombe. Alitembea chini ya madaraja yale ya zege, upepo wa mto ukimkata masikio, na neno hilo likimchoma kuliko baridi. Mtoto amejifungia chooni na taulo mlangoni, na mtu amekaa ofisini na kikombe chake cha chai anasema hawataki.

Kwa Zéphyrin hakuanza na salamu. "Balisha kugawa zile nafasi. Balipewa benye balienda kuuliza. Bila anvelope, bila kuku, bila kitu! Kuuliza tu! Na sisi balisema hatutaki."

Zéphyrin alikuwa anavaa sare ya kazi. Aliacha kifungo kimoja katikati. "Haiwezekani," akasema. "Na mwalimu wa tarumbeta?"

"Hakuna mutu alimuuliza! Heshima yako, Baba Noëlla, heshima yako njo imemupokonya mutoto tarumbeta!"

Lilikuwa neno kali, na alijua kuwa ni kali, na hakulirudisha. Kutoka chumbani Noëlla akasema kwa Kiingereza, bila kupaza sauti, kwamba alikwisha kuwaambia. Alisema waende, nao wakamwambia wanaokwenda ni wezi. Zéphyrin akafunga kile kifungo, akatoka kwenda kazini, na hakula.

Kesho yake Annonciata alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mkuu kabla kengele haijalia, na gauni lake la kazi chini ya koti. Bi Lowther hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alimpa kiti, akasikitika kwa kichwa upande, akasema Noëlla ni furaha ya darasa, ni bahati mbaya sana, lakini majina yameshapelekwa Woolwich.

"Ulimsikia akipuliza?" Annonciata aliuliza kwa Kiingereza chake cha mashuka na vidonge.

"Wote wanapuliza vizuri."

"Wote hawapulizi vizuri. Kwa nini hamkumwita?"

"Tuliwatangazia wazazi wote kwa usawa," Bi Lowther alisema. "Tumewachukua waliojitokeza. Ndiyo njia ya haki kabisa. Hatuwezi kumlazimisha mzazi kujali."

Kujali! Annonciata alisimama, na mikono yake ikatafuta mahali pa kukaa. Mwanamke anayewalisha wazee wa watu supu kwa kijiko kila siku ili mtoto wake apate viatu, leo anafundishwa kujali. "Kwetu," alisema, "anayekuja mlango kama huu kumwombea mtoto ni mwizi. Sisi tulikaa nyumbani kwa sababu tunakuheshimu wewe. Tulidhani wewe si mtu wa kuombwa. Tulidhani utasikiliza watoto."

Bi Lowther akawa mwekundu shingoni. Akasema ataliweka jina la Noëlla kwenye akiba, mtu akijitoa. Kengele ikalia, na Annonciata akaondoka, maana basi la kazini halikuwa na habari na hasira zake. Njia nzima aliwaza: Bukavu mlango hufunguliwa na bahasha, hapa hufunguliwa na anayetoka kazini mapema na asiyeona haya. Na huku wanauita usawa! Angalau mwizi wa kule anajua kwamba anaiba.

Alhamisi ya tamasha, ukumbi wa shule ulinuka makoti yaliyolowa na machungwa. Zéphyrin alikuja. Tangu ule ugomvi alikuwa anasema maneno ya lazima tu, chumvi, ufunguo, asante, na mkewe alidhani amekuja kuaga tarumbeta. Walikaa safu ya katikati. Champa na mumewe Pravin walikuwa mbele yao, na Champa aligeuka akawapungia mkono, kidogo tu.

Watoto waliimba, waliocheza wachungaji wa Noeli wakapotewa na kondoo wao wa pamba, kisha Noëlla akasogea mbele peke yake na kupuliza wimbo wa Noeli. Hakuna haja ya kueleza sana. Watoto waliokuwa wakilia waliacha kulia. Mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akipekua mfuko wake wa peremende alisimamisha mkono ndani ya mfuko mpaka mwisho.

Makofi yalipokwisha, Bi Lowther alipanda jukwaani akiwa na kofia ya Noeli kichwani. Akashukuru. Akasema sasa watoto wa muziki waje waziweke ala zao mezani, ziende zilikotoka, isipokuwa wanne wetu wenye bahati. Watoto wakapanga mstari. Noëlla alikuwa wa pili. Aliilaza tarumbeta mezani taratibu, akaifuta kwa mkono wa sweta mahali alipoishika, na hakuondoka hapo.

Ndipo Zéphyrin akasimama.

"Samahani, Mwalimu Mkuu," alisema, kwa Kiingereza cha darasani, neno moja baada ya jingine. "Mimi ni baba wa Noëlla, huyo aliyepuliza sasa hivi. Namwombea mtoto wangu nafasi."

Ukumbi ukageuka.  Annonciata alimshika mumewe pindo la koti, halafu akaliachia.

"Bwana, huu si wakati wake," Bi Lowther akasema, akitabasamu. "Pita ofisini kwangu kesho, tuongee kwa utulivu."

"Hapana, Madame. Ofisini siji. Kule kwetu mambo ya watoto yaliharibikia ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Umesema anayetaka aombe. Basi naomba hapa, kila mtu anasikia. Na wewe unijibu hapa, kila mtu asikie."

Bi Lowther aliivua ile kofia. Kabla hajajibu, mama mmoja wa Kinaijeria mwenye koti la udereva wa basi alisimama karibu na mlango. "Na wangu naye," akasema. "Saa tisa mimi niko barabarani. Nitagonga mlango gani?" Yule mzee wa peremende naye akajiinua kwa mkongojo, akasema mjukuu wake anapenda ile filimbi kuliko chakula, lakini wao walidhani mambo kama hayo ni ya familia zinazojulikana. Akasimama mwingine, na mwingine. Annonciata aliwahesabu mpaka akashindwa, na badala ya kufurahi alizidi kukasirika, kwa kuwa hao wote walikuwa wameandikwa kwamba hawataki.

"Bwana Solomon," Bi Lowther alisema kwa sauti iliyopungua, "je, ungeweza..."

"Kuwasikiliza?" Bwana Solomon alikuwa ameegemea piano. "Ningewasikiliza tangu Novemba, kama ningeulizwa. Januari nitamsikiliza kila anayetaka. Pazia likiwa kati yetu, ukipenda, nisijue ni mtoto wa nani."

 Kisha Bi Lowther akatangaza, huku akiikunjakunja kofia mikononi, kwamba majina yale manne yanasimamishwa kwanza, kwamba shule itaongea na Woolwich, na kwamba ala zote ziende nyumbani likizo hii ili watoto wajiandae. Noëlla aliinyakua tarumbeta kabla sentensi haijaisha. Zéphyrin akakaa.

Champa aligeuka kwenye kiti chake. Macho yalikuwa yamejaa maji.

"Mama Noëlla, kweli? Keyur wangu alishapata. Mimi nilifuata sheria yao, sikumwibia mtu. Mmempokonya mtoto nafasi yake mbele ya watu wote!"

Annonciata alimpenda Champa, na jibu lilimuuma kabla halijatoka.

"Hatukumupokonya, Mama Keyur," alisema. "Apulize. Na wangu apulize. Na wa dereva apulize. Ile yenye Keyur alipata, alipata sababu mama yake iko na nafasi saa tisa. Sasa apate sababu anajua kupuliza."