Klachi ya Jarkko

Gari la rali la Jarkko lilitoka msituni Jyväskylä gia zikikwaruza. Alivua helmeti, akaketi juu ya tairi.

"Giaboksi imekufa, dada. Turudi nyumbani."

"Usimzike anayepumua," alijibu Raili, dada yake na fundi wake.

Aliinua gari kwa jeki, akatia gia ya kwanza, akakanyaga klachi mpaka mwisho, kisha akawasha injini. Magurudumu yakazunguka, ilhali yalipaswa kutulia.

"Klachi haiachii. Giaboksi ni nzima."

Alifuata bomba la mafuta ya klachi, akakuta linavuja kwenye maungio. Akalikaza, akaongeza mafuta, akatoa hewa huku kaka yake akikanyaga pedali.

Gia ziliingia kimya. Jarkko akacheka kwa aibu.

"Nilikwisha kuiaga."

"Nilikuona. Panda sasa."

Jarkko alimaliza rali wa tatu, akamvuta Raili jukwaani akiwa bado na ovaroli lake chafu.