Kitufe Chekundu cha Simbo

Mwiko ulikuwa juu ya benchi, umekatika katikati. Hakuna aliyeuondoa. Ashraf alijua umeachwa pale auone yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Eufrasia hakuinua uso. Alikuwa shimoni, kanga imepandishwa magotini, akikanyaga chikichi za mawese zilizochemshwa kama mama yake mzazi alivyokanyaga, kabla Ashraf hajatoka Ujiji na maneno yake matamu kuwaletea kina mama wa Simbo pipa la umeme linaloziponda lenyewe. "Umekuja kumalizia vidole vyangu?"

"Vidole vyako vyote vipo, mama."

"Vipo kwa sababu nilitanguliza mwiko."

Ashraf akakaa. Macho yalimwasha, mgongo ulimuuma. Tangu habari imfikie hakupata usingizi wa maana. Aliambiwa chikichi zilikwama, Mama Eufrasia akabonyeza kitufe chekundu, mapanga ya ndani yakasimama. Akaingiza mwiko kuzichokonoa. Mapanga yakaanza kuzunguka tena, hakuna aliyegusa kitu.

Siku ya uzinduzi Ashraf alikibonyeza kitufe hicho mbele ya umati. "Hata likiwa katikati ya kazi," alitamba, "kitufe hiki kikibisha hodi, linaacha yote." Pipa lilisimama papo hapo. Vigelegele vikapigwa, naye akazima umeme ukutani akaenda kula pilau. Angengoja kidogo tu kabla ya kuuzima, angeliona likiamka.

Alifungua kompyuta, akaipitia programu ya kichipu kilichoendesha pipa, na kosa likamkodolea macho. Wawili walikuwa na ruhusa ya kukikatiza kichipu kazi. Mmoja kitufe, kutoka nje. Wa pili saa ya ndani, iliyolipumzisha pipa mafuta yachujike, kisha ikaliamsha. Kitufe kilizima mota, lakini saa hakuna aliyeiambia. Iliendelea kuhesabu, na zamu yake ilipofika ikaiwasha mota kwa utii, bila kuuliza mkono wa nani umo ndani.

Akaandika upya. Kitufe kikibonyezwa, kizime mota, kisimamishe na saa, kiweke alama kwamba pipa limefungwa. Alama ikiwapo, saa isiwashe chochote. Anayetaka kulifungua abonyeze kitufe cha kijani kwa mkono wake. Akaipakia programu mpya kwenye kichipu.

"Njoo uone, mama."

Akaja, miguu ikichuruzika mafuta mekundu. Ashraf akawasha, mapanga yakazunguka, akabonyeza chekundu. Yakasimama. Akakunja mkono wa shati, akapeleka mkono kwenye mdomo wa pipa.

"Acha ushujaa. Mama yako bado anakuhitaji." Akamtupia kipande cha mwiko. "Tanguliza hicho."

Wakangoja. Zamu ya saa ikafika, ikapita. Wakazidi kungoja, hata Mama Eufrasia akaketi. Pipa halikutikisika.

"Limepona," Ashraf alisema.

Mama Eufrasia akainuka. Akaenda hadi ukutani, akachomoa waya wa umeme, akarudi nao ameutundika begani. Ndipo akaingiza mkono kutoa chikichi.

Juma lililopita Ashraf angewaka moto. Leo hata hasira ilikuwa imechoka. "Huniamini, mama?"

"Wewe nakuamini, mwanangu. Huyo wa ndani ndiye sijamjua."

Ashraf akatazama pale pipa lilipo na ule ukuta. Mtu aliyenaswa mkono asingeufikia auchomoe waya. Akafunga kompyuta.

"Una misumari?" aliuliza. "Niisogeze soketi hapa, karibu na mkono wako."