Mzee Luhende Amesusa

Mzee Luhende akinuna, hali. Nyumba nzima humpigia magoti kumbembeleza, naye hanawi mikono mpaka akubaliwe atakalo. Kwa kususa huko aliwachagulia wanawe wote kazi, na wengine hata wachumba.

Safari hii alivuka kwa kivuko kutoka Sengerema, akafika Igoma kwa binti yake Modesta, mama mzima wa watoto watatu, aliyeacha ualimu akafungua duka la mitumba.

"Utarudi shuleni," alisema, akausukuma mbali ugali na sato wake.

Modesta akapiga magoti kama enzi za utoto. Halafu, akiwa pale pale chini, akili ikamfunguka: aliyesusa si yeye, na njaa si yake.

"Shuleni sirudi, baba. Chakula ninakufunikia. Ukisikia njaa, utakula."

Akasimama, akaenda na sahani yake barazani, akala mpaka akalamba vidole. Kisha akafungua belo jipya, akawa anachambua magauni huku akiimba kwa sauti.

Ndani, mfuniko ukalia.

"Modesta! Pilipili umeiweka wapi?"

"Kabatini, baba," alijibu, wala hakunyanyuka.